Maneno ya matapeli: shajara ya kamusi ndogo

Januari, mwanzo

Kazi yenyewe ni kijitabu: maneno adimu ya Kiingereza yanayohusu utapeli, hadaa na mazingaombwe, kila moja na maana yake, lilikotoka, na namna tunavyoweza kulisema kwa Kiswahili. Walengwa ni watafsiri na wasomaji wa fasihi ya zamani ya Kiingereza, wale ambao wakikuta “cozen” au “mountebank” ndani ya tamthilia hukimbilia kamusi, na kamusi ikawapa “danganya”, basi. Si tafsiri mbaya. Ila aliyetapeliwa na binamu, aliyetapeliwa na muuza dawa na aliyetapeliwa na ofisa wa ardhi hawakupigwa kwa namna moja, na Kiingereza kilikuwa na neno la kila mmoja wao.

Lahajedwali limeshafunguliwa. Safu zake: neno, mwaka lilipoonekana mara ya kwanza katika maandishi, lugha lilikotoka, maana ya mwanzo, maana ya baadaye, Kiswahili chake, na safu ya mwisho niliyoiita “ushahidi”. Hiyo ina rangi tatu. Kijani ni asili iliyothibitika. Njano ni pale wataalamu wanapovutana. Nyekundu ni hadithi tamu isiyo na miguu.

Tarehe nazichukua kwenye kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1884 na toleo lote likakamilika 1928. Uzuri wake ni kwamba kila neno linakuja na nukuu zilizopangwa kwa miaka, kwa hiyo huwezi kudai neno lilizaliwa kwa sababu ya tukio fulani wakati kuna mtu aliyeliandika nusu karne kabla ya tukio lenyewe. Kanuni ya mradi ni moja: tarehe kwanza, hadithi baadaye. Nimeiandika juu kabisa ya jedwali maana najua itanitia majaribuni. Maneno ya utapeli ndiyo yanayovutia hadithi za uongo kuliko maneno mengine yote niliyowahi kuyashughulikia.

Januari, mwishoni

Nimeanza na neno ambalo si adimu hata kidogo, “cheat”, kwa sababu ndilo mlango. Limekatwa kutoka “escheat”, neno la sheria ya ardhi ya kimwinyi. Mtu alipokufa bila mrithi, ardhi yake ilirudi kwa bwana wake au kwa mfalme. Huko kurudi ndiko kulikoitwa “escheat”. Mfalme alikuwa na maofisa wa kushughulikia mali hizo, nao wananchi waliwaona wanavyoshughulika. Jina la kazi likageuka jina la wizi. Shakespeare alizijua maana zote mbili: katika tamthilia ya wake wachangamfu wa Windsor, Falstaff anapanga kuwachuna wanawake wawili wenye waume matajiri, naye anasema atakuwa “cheaters” wao, nao watakuwa hazina yake. Msikilizaji wa wakati ule alisikia ofisa wa serikali na tapeli ndani ya neno moja. Kijani bila ubishi.

“Cozen” ni njano. Dhana moja inasema limetoka kwa Wafaransa, kwenye kitenzi cha kujifanya binamu ili ule na ulale bure kwa watu. Nyingine inalipeleka kwa Waitalia, kwa neno la dalali wa farasi. Moyo wangu uko na binamu, lakini moyo si ushahidi, kwa hiyo njano inabaki. Lililo hakika ni kwamba Waingereza wenyewe walilisikia “cozen” pamoja na “cousin”, binamu. Katika “Richard III”, mfalme anamwambia malkia mjane kwamba anaongea kana kwamba yeye ndiye aliyewaua binamu zake. Malkia anamjibu: binamu, naam, na ami yao, yaani Richard mwenyewe, ndiye aliyewa-“cozen”, akawanyang'anya faraja, ufalme, jamaa, uhuru na uhai. Hapo mtafsiri atavuja jasho. Nimeweka “kumtapeli mtu kwa kisingizio cha undugu” na kuacha nafasi kwa mwenye ubunifu kunizidi.

Februari

Wauza dawa.

“Mountebank” ni Kiitaliano kilichotafunwa: “monta in banco”, panda kwenye benchi. Liliingia Kiingereza miaka ya 1570. Mwingereza Thomas Coryat alifika Venice mwaka 1608, na katika masimulizi ya safari aliyoyachapisha 1611 alieleza alichokiona uwanja wa San Marco, asubuhi na tena alasiri. Kwanza jukwaa la mbao linasimamishwa. Wanapanda watu wenye vinyago na wapiga muziki. Umati ukishajaa, mkubwa wao anafungua sanduku la bidhaa na kuanza hotuba ndefu ya kusifia mafuta, maji ya miujiza na makorokoro mengine. Mmoja alimchezea nyoka mwenye sumu mkononi. Mwingine alijikata mkono kwa kisu mbele ya watu, damu ikachuruzika, akapaka mafuta yake, damu ikakata papo hapo. Bei ilianzia mbinguni kisha ikashuka taratibu mpaka kwenye visenti. Ninachokipenda kwa Coryat ni kwamba hajifanyi mjanja kuliko umati: anasema wazi kuwa ufasaha wa wale watu ulimshangaza mara nyingi.

Coryat huyo huyo ndiye aliyenisaidia kwenye “charlatan”. Anasema wachache hawakuwa na jukwaa, walisimama chini na kusimulia hadithi zao, na hao ndio walioitwa kwa jina hilo. Nyuma yake kuna kitenzi cha Kiitaliano cha kupayuka, na pengine kuna Cerreto, mji wa Umbria ambao watu wake walisifika kwa kuzunguka na dawa za uongo. Huenda yote mawili yalichanganyika kinywani mwa watu. Njano.

“Quacksalver” ni Mholanzi: mtu anayepiga kelele kuuza marhamu. Waingereza walilichoka urefu wakalikata, likabaki “quack”, daktari feki. Kijani, na tumeshalimaliza.

Februari, mwishoni

Wiki hii nimezama kwenye vijitabu vya karne ya 16 kuhusu matapeli wa London na nimechelewa kutoka. Thomas Harman, bwana mmoja wa Kent, alichapisha orodha ya aina za ombaomba wa uongo na majina waliyoitana wao kwa wao. Hapo ndipo “counterfeit crank” alipo. “Crank” hapa ni ndugu wa neno la Kijerumani la mgonjwa. Kwa lugha ya siri ya mitaani lilihusu ugonjwa wa kuanguka, kifafa. “Counterfeit crank” alitembea na kipande cha sabuni ili mdomo utoe povu.

Harman alimkamata mmoja, na kisa chake nakiingiza chote kwenye kijitabu. Siku ya Watakatifu Wote mwaka 1566, alipokuwa London, alitokea mtu aliyejifunga vitambaa vichafu kichwani, uso umejaa damu na tope, akijiita Nicholas Jennings. Akasema ana kifafa na kwamba alikaa muda mrefu Bedlam, hospitali ya wendawazimu. Harman hakubishana naye. Alituma mtu Bedlam akaulize. Msimamizi akajibu kuwa hakuna mtu wa namna hiyo aliyewahi kulala pale. Mchapishaji wa Harman akawatuma vijana wake wawili wamfuate kimyakimya kutwa nzima. Wakamwona akijificha, akitoa kibofu chenye damu, akijipaka upya, na kuongeza tope mbichi. Alipokamatwa na kupekuliwa, alikutwa na shilingi 13 na peni 3 na nusu, zote za siku ile. Walipomvua nguo na kumwosha, mwili ulikuwa mzima kabisa, hauna hata alama. Usiku akatoroka uchi, akapotelea mashambani.

Nimekiweka kisa hiki mbele kwa sababu Harman alifanya kile ninachojaribu kukifanya na maneno. Alipewa hadithi, akatuma mtu Bedlam.

“Cony-catching” ni la Robert Greene, kwenye vijitabu vyake vya kuanzia 1591. “Cony” ni sungura, naye sungura ni mtu wa shamba aliyeingia mjini na pesa za mavuno. Greene anaeleza mgawanyo wa kazi vizuri mno. Wa kwanza anamsogelea mgeni, anampigisha soga, anamwuliza kwao wapi, jirani yake nani. Mgeni akikataa kwenda kunywa, haidhuru. Yule wa kwanza anakimbia kumpa mwenzake habari zote. Kona ya mbele wa pili anamkumbatia mgeni kwa jina lake, anawaulizia majirani zake mmoja mmoja, na mgeni anaona aibu kukiri kwamba hamkumbuki rafiki mzuri kiasi hicho. Wanaingia kilabuni. Karata zinatolewa. Wa tatu anaingia kama mpita njia asiyemjua mtu. Kila mmoja wa hao watatu alikuwa na jina la cheo chake, na majina yote matatu nimeyapa nafasi yake.

Kiswahili cha “cony-catching” hakikunisumbua: kumwingiza mtu mjini. Mhariri amecheka, kisha akauliza kama tutakuwa na ujasiri wa kulichapa.

Machi

Mwezi wa rangi nyekundu, na wa kukwaruzana.

Ugomvi umeanzia kwenye “sincere”. Kila mtu amesikia kwamba limetokana na maneno mawili ya Kilatini, “bila nta”: wachongaji wa Roma waliziba nyufa za sanamu kwa nta, na fundi mwaminifu akatangaza kwamba yake haina nta. Hadithi nzuri ya mahubiri, na nimewahi kuisikia kanisani na kwenye semina ya masoko. Haina ushahidi. Neno la Kilatini “sincerus” lilimaanisha safi, kitu kisichochanganywa, na wataalamu wa lugha wanaliunganisha na mizizi ya umoja na ukuaji, kitu kilichoota peke yake. Hakuna mchongaji wala nta.

Mhariri akanipigia. “Kaka, hiyo ya nta usiitoe. Watu wanaipenda.”

“Ndiyo maana inatoka.”

“Weka basi, useme ni hadithi tu.”

“Msomaji ataikumbuka hadithi, atasahau nilichosema baadaye.”

Tumefika katikati: mwishoni mwa kijitabu kutakuwa na sehemu fupi yenye kichwa “Hadithi zisizo za kweli”, yenye karatasi ya rangi tofauti kama bajeti itaruhusu. “Sincere” inakwenda huko ingawa si neno la ulaghai. Inafaa ikae jela na wenzake.

Mwenzake wa kwanza ni “hocus-pocus”. Mwishoni mwa karne ya 17 John Tillotson, Askofu Mkuu wa Canterbury, alisema maneno hayo ni mzaha wa maneno ya misa ya Kilatini, yale ya “huu ndio mwili wangu”. Alikuwa Mprotestanti akiwashambulia Wakatoliki, kwa hiyo dhana ilimfaa mno. Tarehe zinasema jingine. Jina hilo linaonekana tangu miaka ya 1620 na linawahusu wachezaji mazingaombwe. Thomas Ady, akiandika katikati ya karne hiyo, anamtaja mcheza mazingaombwe wa zama za Mfalme James aliyejiita Hocus Pocus, ambaye kila akicheza alitamka: “Hocus pocus, tontus talontus, vade celeriter jubeo.” Ni Kilatini cha kubabaisha, na Ady anatoa sababu yake: maneno ya giza ya kuwapofusha watazamaji ili mchezo upite bila kugundulika. Hiyo inatosha kabisa, misa haihitajiki. Sijasema Tillotson haiwezekani. Nimesema hana cha kuonyesha. Neno “hoax” la mwishoni mwa karne ya 18 linaonekana kuwa kipande kilichokatwa kwenye “hocus”.

Wa pili ni “bubble” kama kitenzi, yaani kumtapeli mtu. Kila kitabu cha uchumi kinasimulia mwaka 1720, hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini zilipopanda mpaka karibu pauni 1,000 wakati wa kiangazi na kuporomoka chini ya 200 kabla ya mwaka kwisha, halafu msomaji anaachwa aamini kuwa kitenzi kilizaliwa hapo. Watu walikuwa waki-“bubble”-iwa na wenzao tangu miaka ya 1670. Waandishi wa 1720 walilikuta neno sokoni.

“Prestige” limenipa raha baada ya haya yote, kwa sababu asili yake ni kijani na bado ina utamu. Kilatini “praestigiae” ni mazingaombwe, kutoka kitenzi cha kufumba au kupofusha macho. Kiingereza kililipokea karne ya 17 kwa maana hiyo hiyo ya hila na kiini macho. Heshima na hadhi zilikuja karne ya 19, kupitia Ufaransa. Leo linapakwa kwenye mabango ya hoteli na apatimenti na hakuna anayeshtuka.

Aprili, mwanzo

Haya ndiyo niliyoyasubiri: maneno ya Kiingereza yaliyopita mashariki kabla ya kufika London.

“Dupe”, mtu anayedanganyika kirahisi. Ni la Kifaransa, na mwanzoni mwa karne ya 15 tayari lilikuwa katika lugha ya siri ya wezi wa huko. Linatokana na jina la ndege, “huppe”, ambaye sisi tunamwita hudihudi. Wezi wa Ufaransa walimwona mjinga wa sura. Msomaji wa pwani atashangaa, maana hudihudi anayemjua yeye ndiye mjumbe wa Nabii Suleiman katika Surat an-Naml, aliyemletea habari za Malkia wa Saba ambazo mfalme mwenyewe hakuwa nazo. Anayejua Biblia atamkuta kwenye Mambo ya Walawi 11 katika orodha ya ndege wasioliwa. Nimeandika tanbihi fupi na kujizuia nisiandike ndefu.

“Barmecide” ni kivumishi cha kitu kinachotolewa kwa maneno huku mikono mitupu. Asili yake ni Alfu Lela Ulela, kisa cha ndugu wa sita wa kinyozi wa Baghdad. Ombaomba mwenye njaa anaingia kwenye jumba la tajiri wa ukoo wa Barmaki. Tajiri anaita maji ya kunawa. Hakuna maji, lakini ananawa hewani. Anaita chakula, hakuna sahani, lakini anamega, anatafuna, anausifu weupe wa mkate. Mgeni naye anatafuna upepo na kusifia viungo. Sahani baada ya sahani, mpaka matunda. Inafika zamu ya mvinyo usiokuwepo. Mgeni anakunywa, anajifanya amelewa, kisha anamnasa mwenyeji kibao cha shingo. Samahani bwana, ni mvinyo wako. Tajiri anacheka, anasema hajawahi kumpata mgeni aliyevumilia mchezo wake mpaka mwisho, na chakula cha kweli kinaletwa.

Wabarmaki walikuwa mawaziri wa kweli wa Harun ar-Rashid, na aliwaangusha mwaka 803. Waingereza walichukua karamu tu na kuacha kibao, nami naona wamepoteza nusu bora. Kwenye safu ya Kiswahili nimeweka “karamu ya Barmaki” bila kuongeza neno. Anayesoma Alfu Lela Ulela hahitaji maelezo, na asiyesoma apewe sababu ya kusoma.

Aprili, mwishoni

“Mohatra.”

Hili ndilo adimu kuliko yote kwenye jedwali na ndilo lililokula muda wangu. Lilifika Ulaya kupitia Hispania, nalo ni Kiarabu “mukhatara”, kutoka mzizi ule ule uliotupa “hatari”. Ni jina la mkataba wa kukwepa katazo la riba, na unafanya kazi hivi. Unahitaji 100 taslimu. Mwenye duka hawezi kukukopesha kwa riba, dini inakataza. Basi anakuuzia kitambaa kwa mkopo kwa 120, utalipa baada ya mwaka. Hujatoka mlangoni anakinunua kitambaa kile kile kutoka kwako kwa 100, taslimu. Kitambaa hakijaondoka kwenye rafu. Wewe una 100 mfukoni na deni la 120, na katika karatasi zote mbili hakuna mahali palipoandikwa riba.

Mwanafalsafa wa Kifaransa Pascal alilipua jambo hili katika barua yake ya nane dhidi ya Wajesuiti mwaka 1656, akimkejeli mwanateolojia wao Escobar aliyeeleza namna ya kuufanya mkataba huo bila dhambi. Mwaka 1679 Papa Innocent XI alizilaani hoja 65 za maadili yaliyolegea, na ya 40 ilikuwa hii: kwamba mkataba wa mohatra ni halali. Kiingereza kililipokea neno kutokana na vurugu hizo na kuliweka kabatini.

Nilitaka kujua kama upande wa pili wa Bahari ya Kati walilitazamaje, nikamtumia ujumbe wa sauti maalim mmoja wa Mombasa ninayemheshimu.

“Shikamoo, Maalim. Nina swali la biashara, lakini si biashara yangu.”

“Marahaba, mwanangu. Wote husema hivyo.” Nikamweleza kitambaa, 120, 100. Hakuniacha nimalize. “Hiyo ni bai al-ina. Wengi wa wanazuoni wameikataa, Malik, Abu Hanifa, Ahmad. Wanasema umeiuza riba ukaivalisha kitambaa. Imamu wetu Shafii yeye anautazama mkataba kwa dhahiri yake: mauzo haya sahihi, na mauzo yale sahihi. Nia ya moyoni anaijua Mungu.”

“Kwa hiyo huku pwani inafaa?”

“Mkataba kusihi ni jambo moja. Mimi nikikufanyia hivyo utarudi tena dukani kwangu?”

Nimeiandika tofauti hiyo kwenye kisanduku cha maelezo karibu kama alivyosema, bila jina lake kwa ombi lake. Mhariri anaona neno moja limechukua kurasa nyingi mno kwenye kijitabu cha maneno mengi. Ni kweli. Sipunguzi.

Mei

Kuna kundi ambalo nililiahirisha: maneno ya utapeli yanayotukana watu wa kabila au taifa fulani. “Gyp”, ambalo yaelekea linatokana na “Gypsy”, jina la Kiingereza la Waroma (kabila la wahamaji wa Ulaya, si watu wa mji wa Roma), na “welsh”, la wacheza kamari za farasi waliokimbia na pesa za watu, ambalo linawagusa Wawelshi. Msomaji atakutana nayo vitabuni, kwa hiyo yanaingia, na alama ya onyo pembeni na bila kisawe cha mtaani. Sitamtafutia mtu njia nyepesi ya kutukana.

“Ambidexter” limekuwa rahisi kupita yote. Katika sheria ya Kiingereza ya karne ya 16 lilikuwa jina la mjumbe wa baraza la mahakama au mwanasheria aliyepokea pesa za pande zote mbili za kesi. Ndumilakuwili. Tumepita.

“Pinchbeck”: Christopher Pinchbeck, mtengeneza saa wa Fleet Street aliyefariki 1732, alibuni mchanganyiko wa shaba na zinki uliong'aa kama dhahabu. Jina la familia likabaki likimaanisha bandia. “Brummagem” ni Birmingham ilivyotamkwa na wenyeji, mji uliosifika karne ya 17 kwa sarafu za kughushi. “Thimblerig” ni mchezo wa kastabini tatu na punje moja ya njegere, nao tunao kwa karata: karata tatu, au pata potea kwa Wakenya.

“Confidence man” nimelipa nafasi kubwa kidogo kwa sababu tunajua mwaka na mtu. William Thompson, New York, 1849. Alivaa vizuri, alimsogelea mtu mtaani kama wanafahamiana, wakaongea, kisha akauliza: unaniamini kiasi cha kuniachia saa yako mpaka kesho? Watu waliachia. Alikamatwa baada ya mmoja wao kumtambua barabarani, na magazeti yakampa jina lililobaki.

Pembeni yake nimeweka barua walizoandika wafungwa wa Ufaransa, alizozieleza Vidocq, mhalifu aliyegeuka mkuu wa upelelezi wa Paris. Mfungwa anamwandikia tajiri asiyemjua: mimi ni mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia, tuliacha sanduku la vito karibu na kwenu, nitumie nauli nije nikuonyeshe. Vidocq anasema katika kila barua 100, 20 zilijibiwa. Baadaye Kiingereza kiliuita mchezo huo “mfungwa wa Kihispania”. Kila Mtanzania mwenye simu amepokea kitukuu chake: “Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Mwandishi hajui kama kuna pesa, wala wewe ni nani. Anachojua ni kwamba kati ya wengi aliowatumia, yupo mmoja ambaye leo hii kweli alikuwa njiani kwa wakala.

Mei, mwishoni

Suala la lugha ya mtaani limerudi. Mhariri anataka “kanyaboya”, “usanii” na “magumashi” vitoke, anaogopa vitazeeka kabla wino haujakauka. Nimemjibu kwa “bamboozle”. Lilionekana 1703 katika tamthilia ya Colley Cibber, na asili yake wataalamu wameshindwa kuikubaliana mpaka leo. Mwaka 1710 Jonathan Swift alilalamika gazetini kuhusu maneno ya hovyo yanayoharibu Kiingereza, na akalitaja hilo pamoja na “banter” na “mob”. Mwaka 1755 Samuel Johnson aliliingiza kwenye kamusi yake na kuonya kwamba halitumiki katika maandishi safi, ni neno la chini. Yote matatu ya Swift yako hai, na “mob” limo katika kila gazeti. Sidai “kanyaboya” litaishi miaka 300. Nadai kwamba ndilo linalokaa sawa mbele ya “pinchbeck” leo, na “bandia” peke yake halina ile kejeli. Amekubali mawili. “Magumashi” bado liko mezani.

Ukurasa wa “asili haijulikani” nao umekamilika: “bamboozle”, “humbug” lililozuka kwa wanafunzi miaka ya 1750, “hornswoggle” la Wamarekani, na “skulduggery” ambalo halina uhusiano na fuvu, lilianzia Uskoti kama neno la uzinzi. Mhariri aliuliza kama ukurasa wenye safu tupu hautaonekana uvivu. Safu tupu zinabaki tupu.

Herufi A mpaka P zinakwenda kwa mpiga chapa kwa ajili ya sampuli. Mchoraji ameahidi picha ya kastabini tatu na ya benchi la Venice. Linalobaki la kugombania ni “hoodwink”. Karne ya 16 lilikuwa kitendo halisi: kumfunika mtu macho kwa kitambaa au kofia, maana “wink” wakati ule ilikuwa kufumba macho kabisa. Mwenzangu anataka “kumfumba macho”, mimi nataka “kumpiga changa la macho”. Kwa sasa la kwake limekaa kwenye safu ya maana ya mwanzo, la kwangu kwenye safu ya maana ya baadaye.